Ukinunua Harrier na Makao Yako ni Port Victoria

Mtu akikuuliza kama Harrier ni gari la kutegemewa, muulize kwanza anaishi wapi. Aliye Nairobi likimgomea asubuhi atapanda matatu, atampigia fundi simu, na jioni atalikuta limetengenezwa. Sisi wa Port Victoria mambo yetu ni mengine. Fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari yuko Kisumu, zaidi ya kilomita 100 kutoka hapa, na gari likizimika kati ya Budalang'i na Bumala, kulifikisha kwa fundi kunaweza kula pesa nyingi kuliko kulitengeneza. Zamani reli ya kutoka Mombasa ilipangwa iishie huku kwetu. Njia ikabadilishwa, ikafika Kisumu mwaka 1901, na gereji kubwa zikamea kule ilikofika. Wewe unayeitamani Harrier huku, lipime jambo hilo kabla ya kuangalia rangi na viti.

Yangu niliinunua mwaka 2016, 240G nyeusi iliyoundwa 2009. Bado naiendesha. Imenipeleka mazishini, hospitalini usiku wa manane, na Kisumu mara zisizohesabika, na uzembe wangu mmoja nusura uiue. Nitaueleza mbele.

Nambari ya chesisi kabla ya bei

Toyota walianza kuuza Harrier huko Japani Desemba 1997, na nje ya Japani gari lile lile likaitwa Lexus RX. Ukoo wa Lexus na Harrier ulikuwa mmoja kwa maumbo mawili ya kwanza, kisha kila moja likashika njia yake. Umbo la pili lilitoka 2003, la tatu mwishoni mwa 2013, la nne 2020. Watu husema "Harrier ni Harrier", na hapo ndipo wengi huumia, kwa maana chini ya boneti hizo kuna injini ambazo hazifanani hata kidogo.

Kabla hujataja bei, mwambie muuzaji akutumie nambari ya chesisi. Herufi za mwanzo zinakwambia unachonunua. ACU30W ni 240G ya silinda nne, lita 2.4, na inavutwa na magurudumu ya mbele. ACU35W ni injini hiyo hiyo ikisukuma magurudumu yote manne. MCU ni V6 ya lita 3.0 (300G), GSU ni V6 ya lita 3.5 (350G), na MHU38W ni V6 ya haibridi. Hizo ni za umbo la pili. Katika umbo la tatu, ZSU60W na ZSU65W ni za lita 2.0 za kawaida, ASU ni za lita 2.0 zenye turbo zilizoongezwa 2017, na AVU65W ni haibridi. Umbo la nne ni MXUA kwa petroli tupu na AXUH kwa haibridi.

Ukishajua herufi, nenda ukasimame stendi ya Bumala nusu saa uangalie magari. Voxy na Noah nyingi utakazoziona zina injini ya familia moja na ile ya ZSU. RAV4, Vanguard, Kluger na Estima za miaka ile zina injini moja na ACU. Maana yake ni kwamba spea zake zipo madukani, za ex-Japan zipo, na fundi wa Ugunja amekwisha kuifungua injini kama hiyo mara nyingi. Sasa tafuta yenye turbo, au ile 350G ya V6. Utasimama sana. Ubora wa injini hizo sina ubishi nao, lakini siku coili au sensa yake itakapokufa, utaisubiri spea itoke Nairobi huku gari likilala kwa watu.

Kwa anayeishi huku, mimi ningemshauri ZSU60W kwanza, yaani lita 2.0 ya magurudumu mawili. Pili ACU30W, kwa sharti kwamba ameikagua kwa namna nitakayoeleza. Magurudumu manne yanasaidia kwenye matope ya Bunyala wakati wa masika, sikatai, lakini yanaongeza difu ya nyuma, shafti na oili za kubadilisha, na dereva mwenye tairi nzuri na subira hupita mahali pengi bila hayo. Ikiwa ni 300G, uliza mkanda wa timing ulibadilishwa lini, kwa sababu injini hiyo ina mkanda wa mpira unaohitaji kubadilishwa kila kilomita 100,000, tofauti na 240G yenye cheni. Na ikiwa ni toleo lenye suspensheni ya hewa, liache. Mifuko ile ikianza kuvuja gari hulala chini kama ng'ombe mgonjwa, na spea yake huku ni hadithi ndefu.

Haibridi inataka maneno zaidi kwa sababu wengi wanaitaka kwa ajili ya bei ya petroli, ambayo EPRA huitangaza tarehe 14 ya kila mwezi na kila mara tunashika vichwa. Inaokoa petroli kwelikweli, hasa kwa anayezunguka mjini Kisumu. Lakini ile betri kubwa ya AVU65W iko nyuma, chini ya kiti, na inapozwa na hewa inayovutwa kutoka ndani ya gari kupitia tundu lililo karibu na kiti hicho. Hewa yetu ni vumbi. Feni ikiziba, betri hupata joto na kuzeeka kabla ya wakati. Ukiinunua, tundu hilo lisifunikwe na mzigo wala blanketi, na feni isafishwe kila mwaka na mtu anayejua umeme wa haibridi, maana ule umeme unaua.

Kuhusu kuagiza mwenyewe kutoka Japani: sheria ya Kenya hairuhusu gari lililopita miaka minane tangu liandikishwe mara ya kwanza. Kwa hiyo umbo la pili siku hizi utalipata kwa mtu aliyekwisha kulitumia humu nchini tu. Hapo ndipo jaribu la mpakani linapoingia. Uganda inakubali magari yenye umri mkubwa zaidi, hadi miaka 15, na sisi tuko pua na mdomo na Busia. Utaonyeshwa Harrier safi yenye namba za Uganda kwa bei inayokufanya usilale. Usiiguse. Ikiwa imepita miaka minane hakuna njia halali ya kuiandikisha Kenya, na siku KRA wakiikamata, pesa zako zimekwenda na hakuna wa kumshtaki.

Siku ya kulikagua

Nenda asubuhi na mapema, na umwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Injini iliyopoa haina siri. Ukifika, shika boneti kwa mkono; ikiwa imekwisha kupata moto, mwambie utarudi kesho.

Fungua mlango wa dereva utazame kwenye fremu, au pembeni mwa injini. Mafundi wa Japani wana desturi ya kubandika stika ndogo kila wanapobadilisha oili au mkanda wa timing, na huandika tarehe na kilomita. Kijapani hukijui, lakini tarakimu unazijua. Mimi nilipokuwa nikitafuta gari langu, dalali mmoja alinipeleka mtaa wa Milimani kuona 240G ambayo dashibodi yake ilisoma kilomita 78,000. "Mwalimu, hii ni ya mama mmoja wa kanisa, haijawahi kutoka hapa mjini." Mlangoni palikuwa na stika iliyofifia rangi, kona moja imebanduka, na nilipoipangusa vumbi kwa kidole nikaona 121,400. Sikugombana naye. Nilifunga mlango, nikashukuru, nikaenda zangu. Pale ambapo stika imebanduliwa, tazama pedali ya breki, usukani na kiti cha dereva. Kilomita 70,000 hazili mpira wa pedali mpaka chuma kionekane.

Kwa gari lililoingia karibuni, omba karatasi ya mnada wa Japani. Mule gari hupewa alama, na herufi R au RA mahali pa alama ina maana kwamba liliwahi kugongwa likatengenezwa. Inama pia chini ya gari. Magari ya magurudumu manne mengi yametumika sehemu za Japani zenye theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi, na chuma cha chini huliwa. Kutu nyepesi ya juu juu si kitu. Ukigonga fremu kwa bisibisi ikadondosha maganda, ondoka.

Halafu mafuriko. Ziwa Victoria lilipanda mwaka 2020 kupita rekodi yake ya 1964, na mto Nzoia umevunja kingo zake zaidi ya mara moja. Nairobi nayo ilizama kwa mvua za Aprili na Mei 2024. Magari yaliyolowa hayakutupwa. Yalikaushwa, yakasafishwa, yakauzwa. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake utazame ile sehemu ambayo kwa kawaida haitoki: matope huacha mstari pale, na wasafishaji huusahau. Inua zulia la buti, toa gurudumu la akiba, upapase lile shimo kwa vidole. Angalia reli za viti na soketi za nyaya chini ya dashibodi. Shaba iliyolowa hugeuka kijani. Gari la kisasa lililozama halifi siku hiyo. Linakufa polepole, soketi moja baada ya nyingine, kwa miaka miwili, na kila mara fundi atakwambia ni kitu kingine.

Ikiwa ni 240G, chukua tochi utazame nyuma ya injini, upande wa ndani unaoelekea kwenye kioo. Injini hii, hasa zile za kabla ya 2007, ina udhaifu unaojulikana: nyuzi za boliti za silinda hedi upande ule hulegea ndani ya bloku, na kulanti huanza kuvuja kidogo kidogo. Utaona ukoko mweupe au wa waridi. Muuzaji atasema ni maji ya kuosha. Maji ya kuosha hayaachi ukoko wa waridi.

Ikiwa ni ZSU, kazi kubwa iko kwenye giaboksi. Ni CVT, yaani haina gia za kuhesabika. Ndani kuna mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili, na uhai wa mkanda huo ni ile oili. Iendeshe kwa angalau nusu saa, ikipata joto ipandishe mlima. Ukitoka Kisumu, mlima wa kutoka Kisian kwenda Maseno unatosha kabisa. Ikitetemeka inapoondoka, ikilia kama mluzi unaopanda na mwendo, au injini ikivuma huku gari haliongezi kasi, mwachie mwenyewe.

Makaratasi usiyaache kwa dalali. Tafuta rekodi ya gari kupitia NTSA kwenye eCitizen, ulinganishe chesisi, injini na jina la mwenye gari na kitambulisho cha anayekuuzia. Kisha tazama kama gari limewekwa rehani: tangu sheria ya 2017 kuna rejista ya dhamana za mali zinazohamishika, na mikopo ya logibuku inaandikishwa humo.

Oili

Sasa nieleze kosa langu.

Injini ya 2AZ-FE, iliyo kwenye 240G, ina tabia ya kunywa oili inapozeeka. Ringi za pistoni zinazokwangua oili huziba kwa masizi, oili ikapanda ikaungua pamoja na petroli. Halikuwa jambo la siri. Marekani, Toyota walilazimika kuongeza dhamana kwa magari mengi yenye injini hii, na kipimo chao cha gari bovu kilikuwa karibu lita moja kwa kila kilomita 1,900. Hizo kwetu ni safari nane au tisa za kwenda na kurudi Kisumu.

Mimi sikujua. Nilikuwa nikilipeleka gari kwa sevisi kila kilomita 10,000 kama stika ilivyosema, na katikati sikufungua boneti hata siku moja. Siku moja ya mwaka 2019, nikikata kona karibu na Ugunja, taa nyekundu ya kopo la oili iliwaka ikazimika. Nikafikiri ni waya. Kona iliyofuata ikawaka tena. Nikasimama kwa fundi wa kando ya barabara, kijana mwenye benchi moja na mwavuli. Alichomoa kijiti cha oili, akakifuta kwa kitambaa, akakirudisha, akakichomoa tena na kuninyooshea bila kusema. Kilikuwa kikavu. Nchani tu palikuwa na alama ya kahawia kama chai iliyokauka kikombeni.

"Mwalimu," akasema, "hii gari imekuvumilia."

Iliingia lita mbili na nusu kabla ya kufika alama. Injini ilinusurika, lakini tangu siku ile cheni yake hulia sekunde mbili tatu kila asubuhi, na kila nikiisikia naikumbuka kona ile. Ile taa haipimi oili iliyobaki, inapima presha. Ikiwaka, vyuma vimekwisha kusuguana.

Kwa hiyo fanya hivi, hata kama gari lako ni jipya na injini ni nyingine. Kila Jumamosi, mahali pa tambarare, injini ikiwa imezimwa dakika kumi, chomoa kijiti, kifute, kirudishe mpaka mwisho, kichomoe usome. Umbali kati ya alama ya chini na ya juu ni karibu lita moja. Andika kwenye daftari: tarehe, kilomita, kiwango. Baada ya miezi mitatu utalijua gari lako kuliko fundi yeyote. Badilisha oili kila kilomita 5,000, kwa sababu vumbi letu na safari fupi za kwenda sokoni huichafua upesi. Na weka lita mbili kwenye buti, za aina ile ile.

Oili ya giaboksi nayo hubadilishwa, hata kama utaambiwa ni ya maisha. Mimi hubadilisha yangu kila kilomita 40,000. 240G hutumia Type T-IV. Ya CVT ni nyingine kabisa na haziingiliani, kwa hiyo soma kitabu cha gari, ununue mwenyewe, usimame hapo fundi anapoimimina.

Vumbi, ziwa na samaki

Kuna vitu vya hapa kwetu ambavyo havimo katika kitabu cha Toyota. Wale wadudu wadogo wa ziwani wanaoinuka kama moshi juu ya maji hunasa kwenye radieta na kwenye kondensa ya AC iliyo mbele yake. Wakikauka hugeuka kama udongo, hewa haipiti, na gari huanza kupata joto kwenye mlima wa Maseno bila sababu unayoiona. Mwagia maji ya bomba polepole kutoka upande wa injini kwenda nje. Mashine ya presha ya kuoshea itazikunja zile pezi nyembamba.

Na maji ya ziwa yabaki ziwani. Usiyatie kwenye radieta. Alumini ndani huliwa na madini yake. Tia kulanti, nyekundu au ya waridi kama kitabu kinavyosema. Usiliingize gari ziwani kuliosha, kama inavyofanyika kwenye fukwe za Kisumu na huku kwetu. Achilia mbali oili unayowapelekea samaki; beringi zilizo moto zikizamishwa ghafla kwenye maji baridi huyanyonya, na difu ya magurudumu manne ina tundu la kupumulia ambalo hufanya hivyo hivyo. Baada ya mwezi utasikia gurudumu likivuma.

Ukibeba samaki wenye barafu, weka trei ya plastiki yenye kingo. Maji yale hupenya zulia yakafika kwenye nyaya, na kwa haibridi betri iko hatua moja tu kutoka hapo.

Petroli nunua kwenye kituo. Ufukweni kuna petroli ya mitungi iliyokwisha kuchanganywa na oili kwa ajili ya injini za mashua, na kwa macho hutaitofautisha haraka. Ikiingia kwenye Harrier itachafua plagi na ile sensa ya ekzosi, na taa ya injini itawaka ukiwa njiani.

Filta ya hewa ifungue kila mwezi, na ile ya AC iliyo nyuma ya kisanduku cha dashibodi usiisahau. Bushi na stabilaiza linki zitakwisha mapema kwa barabara za changarawe. Zihesabu kama tairi, kitu cha kununuliwa kila baada ya muda. Lakini coili, sensa na pampu ya maji usinunue za bei ya kutupwa. Peleka kifaa cha zamani dukani ulinganishe, na utoe nambari ya chesisi ili uletewe kinachostahili. Mafuta ya breki badilisha kila miaka miwili, kwa kuwa hunyonya unyevu, na ukishuka kutoka Maseno kwenda Kisian shusha gia, injini ikushikie gari badala ya kukanyaga breki mpaka chini.

Mvua zikianza na barabara ya Budalang'i ikafunikwa, kipimo changu ni nusu ya gurudumu. Tumbo la Harrier liko takribani sentimita 19 tu juu ya ardhi, hata kama mwili wake unaonekana mrefu. Ikizimika ndani ya maji usijaribu kuiwasha. Maji yakiwa ndani ya silinda hayabanwi, na ufunguo mmoja unatosha kupinda fimbo za pistoni. Isukumwe itoke, plagi zifunguliwe kwanza.

Na ikibidi kuvutwa, mzuie yule kijana wa trekta kabla hajafunga kamba. Giaboksi ya otomatiki huoshwa na oili inayopigwa na pampu ya injini. Injini ikiwa imezimwa na magurudumu yanazunguka, vyuma husagana vikavu. Ya magurudumu mawili lazima mbele iinuliwe. Ya magurudumu manne lazima ipande lori nzima nzima. Mtafute leo mwenye lori lenye tandiko la chini, iwe Bumala au Busia, mkubaliane bei ya mpaka Kisumu, uandike nambari yake nyuma ya lile daftari la oili, wakati gari lako bado linawaka.